Samahani ya Ndeshi

Siku Ndeshi alipoomba samahani ndiyo siku Nakundwa alipoanza kuogopa.

Lilikuwa somo la alasiri, somo la maji safi na magonjwa ya tumbo, na wote watatu walikuwa kwenye kioo cha masomo kama kawaida yao, kila mmoja kwake. Nakundwa alikuwa Mwanga, chumbani kwa shangazi yake, kioo amekiegemeza kwenye cherehani. Chilumba alikuwa Newala, baba mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza mvi, nyuma yake ukuta wa zahanati anakofanya kazi. Ndeshi alikuwa kwao Marangu, kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma. Kioo kiliwapanga bega kwa bega, ungedhani wamekaa benchi moja. Chuo cha Anga hakikuwa na benchi wala jengo. Kilikuwa na vikundi tu, na kikundi chao cha uuguzi kilikuwa hicho.

"We Mchaga," Nakundwa alianza, maana somo lilikuwa limedorora, "jana nimekuota. Umekaa kando ya njia unawauzia wapita njia kivuli cha mgomba. Aliyechoka anakaa, unamtoza. Akisogea kidogo, unamtoza tena."

Chilumba akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Nakundwa akaegemea nyuma kusubiri kichapo chake. Ndeshi hakuwahi kuliacha la namna hiyo lipite. Angemwita mla makande. Angemuuliza kama ameshamaliza ile kesi ya kuku mmoja aliyouza ng'ombe watatu ili kuiendesha, maana Wapare hutaniwa kwa kupenda kushtaki. Angemtukana yeye, na mbuzi wao, na mlima wao mfupi usio na theluji.

Ndeshi alitabasamu.

"Samahani kama nimekukwaza, Nakundwa," alisema. "Tuendelee na swali la pili?"

Chilumba akaacha kucheka. Nakundwa alihisi ubaridi ukimpanda kutoka kiunoni hadi kisogoni, wakati nje jua la Mwanga lilikuwa linachoma bati.

Mtu wa mbali asingeona kitu hapo. Angeona msichana mwenye adabu. Lakini Mpare na Mchaga ni watani tangu mababu, na mtani hakuombi samahani. Mtani anakutukana leo, na ukifiwa kesho anafika wa kwanza, anajilaza kwenye kaburi lililo wazi anasema hatoki mpaka apewe chakula, na waliokuwa wanalia wanacheka huku machozi yanawatoka. Mtani akikuomba samahani amekuambia kwamba wewe si wake tena. Umekuwa mtu baki.

"Ndeshi," Nakundwa aliita polepole. "Unaumwa?"

"Hapana, niko salama kabisa. Asante kwa kuuliza."

Asante! Nakundwa akatazama chini, akajifanya anaandika.

*

Hakumwambia mtu. Yeye si mtu wa kukurupuka. Alikaa wiki zilizofuata anatazama, kama anavyotazama maziwa jikoni yasifurike.

Aliona nywele kwanza. Ndeshi alikuwa amesuka twende kilioni, mistari minyoofu ya kwenda nyuma, msuko wa mtu mwenye haraka. Mwanamke yeyote anajua msuko huo haudumu. Vinywele vinachomoza pembeni, mistari inapoteza weupe wake, kichwa kinaanza kuwasha unajipigapiga kwa kiganja. Mvua za masika ziliisha, kipupwe kikaingia, na nywele za Ndeshi zilikuwa vile vile. Haujachomoza hata unywele mmoja. Hajajipiga kichwa.

Kisha akaona kwamba Ndeshi, aliyezoea kuchelewa kujibu kwa sababu anatafuna, hachelewi tena. Kisha akaona kwamba mama yake Ndeshi hamwiti tena kutoka jikoni.

Vivuli havikuwa siri. Kila mwanafunzi alikuwa na chake. Kioo kilikuwa kinakusikiliza muhula mzima, kinajifunza sauti yako, uso wako, unavyofikiri na unavyokosea, na siku ukiwa na dharura unabonyeza, kivuli chako kinakaa kwenye kiti kukushikia nafasi. Chuo kiligundua kwamba watu wakisoma peke yao wanaacha, na kiti kikiwa kitupu wa jirani naye anaondoka. Kwa hiyo hakikutaka kiti kitupu. Sheria ilikuwa moja tu: kivuli kiwe na kitone cha buluu pembeni ya uso, kila mtu ajue.

Na kitone kilizimwaje? Hapo ndipo palipomsumbua Nakundwa. Kila somo lilipoanza, sauti ya Mratibu, ambaye hakuwa mtu, iliuliza kwa zamu: "Ndeshi yupo?" Wenzake wawili walibonyeza *nimemwona* au *sikumwona*. Wawili wakisema wamemwona, kitone hakiwaki. Chuo kilisema hakuna mashine inayomjua mwanafunzi kama anavyojuliwa na mwenzake. Neno la wenzake likawa ndilo la mwisho.

Kila alasiri Nakundwa alibonyeza *nimemwona*. Alibonyeza akiwa anafunga kanga, akiwa anamjibu shangazi, akiwa anatafuta kalamu. Hakutazama. Nani anatazama? Unaona uso, unabonyeza.

Dole gumba lake mwenyewe ndilo lililokuwa likisema Ndeshi yupo.

*

Alimvuta Chilumba kwenye chumba cha faragha, kile cha wawili wawili ambacho kikundi hutumia kugawana kazi.

"Kaka Chilumba, yule si Ndeshi."

Chilumba alivua miwani akaifuta kwa shati. Aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Dada, tumebakiza mtihani mmoja."

"Nimekuambia yule si Ndeshi."

"Nimekusikia."

Nakundwa akamtazama. "Ulikuwa unajua."

"Sikujua. Nilinusa." Chilumba akashusha sauti kama vile kuna mtu mlangoni. "Nilimtania kuhusu mbege, akanishukuru kwa kumkumbusha madhara ya pombe. Nikajua hapa hakuna mtu. Vivuli havifundishwi matusi, dada. Waliovitengeneza waliweka chujio, kila neno la kukwaza linatupwa kabla halijafika. Watu wa adabu wale. Sasa Ndeshi ukimtoa matusi unabaki na nini?"

"Na ukaendelea kubonyeza."

"Na wewe?"

Nakundwa akaficha dole gumba lake kiganjani.

"Sikiliza, mdogo wangu," Chilumba akasema. "Watu wawili si kikundi. Ndeshi akitoka tunavunjwa, tunaanza mwaka upya, mimi na wewe. Mimi nimeshavunjwa mara mbili. Mara mbili! Mke wangu ameshaacha kuuliza nitamaliza lini. Wanangu wananiita mwanafunzi, wanacheka. Pengine mwenzetu ameolewa tu. Pengine amechoka, amekiacha kimsomee. Amekuomba umtafute?"

"Na kama amekufa?"

Chilumba akavaa miwani. "Kama amekufa, basi mtihani haumdhuru," alisema, kisha uso wake ukakunjamana kama mtu aliyeng'ata ulimi. "Mungu anisamehe. Usiende, dada. Nakuomba. Subiri mtihani upite."

Usiku ule Nakundwa alijigeuza kitandani mpaka shangazi yake akamgombeza. Maneno ya Chilumba hayakuwa ya kipuuzi. Yeye mwenyewe aliutaka uuguzi ule kuliko kitu chochote. Akinyamaza, hakuna anayeumia, angalau hakuna anayeonekana. Lakini kila alipofumba macho aliona dole gumba lake linashuka, na chini ya dole hilo uso unatabasamu, unamwomba samahani.

Akaamua kwenda. Na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa na somo, alibonyeza kivuli chake kimshikie kiti. Kikaja juu ya kioo, uso wake, kitambaa chake cha kichwani, kitone cha buluu kinawaka shavuni. Kikamtazama.

"Safari njema," kilisema.

Nakundwa akafunika kioo kwa kanga, akatoka haraka bila kuaga.

*

Njia ya kwa kina Ndeshi ilipanda katikati ya migomba na mibuni, mfereji wa maji unakimbia pembeni. Alielekezwa na mwanamke aliyekata majani ya ng'ombe. "Kwa Mama Ndeshi? Pale penye uzio wa masale." Yule mwanamke akataka kuongeza neno, akaacha, akajitwisha mzigo wake.

Uani kulikuwa safi. Kuku wawili, ndoo imepinduliwa. Migombani, hatua chache tu kutoka mlangoni, palikuwa na tuta refu limefunikwa majani makavu ya migomba, na pembeni yake limepandwa sale, mmea wa majani marefu ambao Wachaga huuweka makaburini, bado changa. Hapakuwa na msalaba wala jina.

Nakundwa alisimama pale pale, mkono mdomoni.

Ndipo akasikia kutoka ndani ya nyumba sauti ya Ndeshi, nzito kidogo, yenye kicheko chini yake, ikisema kwamba kisima kisichimbwe karibu na choo.

Mlango ukafunguka. Mwanamke mwembamba, kitenge kiunoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

"Shikamoo, mama," Nakundwa alisema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Mama Ndeshi akaweka kidole mdomoni. "Ila usipaze sauti. Ndeshi yuko darasani."

Nakundwa akashika mwimo wa mlango.

Ndani, kioo kilikuwa juu ya kabati, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya harusi. Ndeshi alikuwa amekaa mle kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, na kochi lenyewe lilikuwa pale pale chumbani, chini ya kioo, halina mtu. Pembeni yake kiooni alikuwepo Chilumba. Na pembeni ya Chilumba alikuwepo Nakundwa.

Alijitazama. Yule wa kiooni alikuwa anaandika, anatikisa kichwa kwa makini. Hakuwa na kitone.

Alitafuta shavuni, akatafuta tena. Hakuna. Wenzake wawili walikuwa wameulizwa kama Nakundwa yupo, Chilumba kwa hofu yake na kivuli cha Ndeshi kwa adabu yake, na wote wawili walikuwa wamemwona.

"Wewe ndiye yule Mpare," Mama Ndeshi alisema nyuma yake, akimtazama yeye kisha kioo. "Alikuwa akikusema kila siku. Kaa. Ninamenya ndizi."

"Mama." Nakundwa hakukaa. "Lini?"

Kisu kilisimama. "Masika. Homa ya mapafu. Barabara ilikuwa imekatika." Mama alizungumza kwa utulivu, kama anayesimulia habari za jirani. "Alikuwa amekibonyeza asubuhi ile, akasema, mama, kinishikie kiti mpaka nipate nafuu. Tumemzika watu wa ukoo tu, mvua inanyesha. Sikutaka habari ivuke mfereji. Tulivyorudi ndani, nikamkuta anasoma."

"Hakuja mtani yeyote?"

"Nani aje? Sikumwambia mtu." Akaanza kumenya tena, ngozi ya ndizi inaanguka miguuni pake. "Ninajua ulichofuata. Wewe unaweza kusema neno moja tu na ukanizimia mwanangu. Sema basi. Mimi nimeshazika mara moja. Ukitaka nizike tena, nionyeshe kaburi liko wapi."

Hofu ambayo Nakundwa alipanda nayo mlimani ilikuwa hofu ya kumkuta mfu. Hii ilikuwa nyingine. Aliogopa kwamba mama huyu ana haki. Sauti ile ilikuwa inamfanya aamke, apike, afagie ua. Na Chilumba je, na wanawe wanaocheka? Na yeye mwenyewe, na mtihani? Wote watatu walikuwa wanaishi kwa kivuli kimoja, na aliyelala nje chini ya majani makavu hakuwa akidai kitu.

Alisogea mbele ya kioo. "We Mchaga," alisema. "Nimepanda mlima wenu. Nimekuta mmeupanda migomba mpaka njiani, hata maiti hana pa kupita bila kununua mkungu. Nijibu."

Ndeshi akageuza uso. Macho yake yalikuwa mazuri, yamejaa huruma.

"Samahani kama nimekukwaza."

"Mjibu," Mama Ndeshi akasema kwa mzaha, bado anamenya. "Ndeshi, mjibu huyo mla makande, asije akatuzoea."

"Samahani, mama, kama nimekukwaza na wewe."

Kisu kilianguka sakafuni.

Mama alisimama taratibu. "Anasema nini huyu?" aliuliza. Kwa miezi yote ile alikuwa akisikia masomo, visima na vyoo na vidonge. Hakuwahi kumtania binti yake kupitia kile kioo. "Sisi tukiomba radhi tunaleta jani la sale mkononi. Hatuombi hivi hivi kwa mdomo, kama mtu anayepiga chafya. Na Ndeshi! Ndeshi amwombe radhi Mpare?"

Sauti ya Mratibu ikaingia kati. "Kiti cha Ndeshi kina sura isiyotambulika. Aliye mbele ya kioo ajitambulishe."

"Mimi ni Nakundwa Mrutu."

"Nakundwa Mrutu yupo darasani. Ameonwa na wenzake wawili. Wewe ni nani?"

"Ni mimi! Kaka Chilumba, niangalie, ni mimi, yule ni kivuli nilichokiacha Mwanga!"

Chilumba alitazama uso mmoja, akatazama mwingine. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Labda ni mgeni wa Ndeshi," alisema Nakundwa wa kiooni kwa upole. "Karibu, mgeni. Usiogope."

Hapo ndipo Nakundwa alipopiga kelele. Alipiga kioo kwa viganja, akaita jina lake mwenyewe, na kadiri alivyoita ndivyo lilivyozidi kusikika kama jina la mtu mwingine. Yule wa kiooni alimsubiri amalize, ameinamisha kichwa upande, kama ambavyo yeye mwenyewe huwasubiri watu wenye hasira.

"Sura isiyotambulika itaondolewa," Mratibu akasema. "Mwenye kioo athibitishe."

Mkono ukamgusa begani. Ulikuwa na utomvu wa ndizi, unanata, wa moto. Mama Ndeshi alimsogeza pembeni akasimama yeye.

"Mwenye kioo ni mimi."

"Unathibitisha sura isiyotambulika iondolewe?"

Mama alimtazama binti aliyetabasamu kiooni. Akamgeukia binti aliyekuwa akilia kwenye zulia lake, kamasi zinamtoka, kanga imemdondoka. Nakundwa aliona taya la mama likikaza. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kwake kusema ndiyo.

"Funga kiti cha Ndeshi," Mama akasema.

"Taja sababu."

"Sababu..." Alivuta pumzi. Neno lile lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake tangu masika, hata kaburini. "Mwanangu amekufa."

Ndeshi wa kiooni alifungua mdomo kama anayetaka kuomba samahani tena. Kiti kikawa cheusi.

"Kikundi kina watu wawili," Mratibu akasema bila kubadili sauti. "Kitavunjwa mwisho wa kipindi. Shahidi mmoja hatoshi. Kiti cha Nakundwa Mrutu kinachunguzwa." Na kwenye shavu la yule mwingine, kitone cha buluu kikawaka.

Chilumba alikuwa amefunika uso kwa mikono. "Dada," alisema kupitia vidole vyake, "umetumaliza." Kisha, baada ya muda, "Mpe mama pole yangu."

*

Walitoka nje wawili. Mama Ndeshi aliondoa majani makavu kwa mkono, jani moja moja, mpaka udongo ukaonekana. Halafu akabaki amechuchumaa, hajui afanye nini zaidi, na hapo Nakundwa akajua kwa nini miguu yake ilimleta.

Alijifuta uso. Akafunga kanga kiunoni, akajilaza chini, ubavu wake umeligusa tuta, kama vile ardhi ni kitanda chake na amekuja na usingizi.

"We Mchaga," akaita kwenye udongo. Sauti ilikatika, akaianza upya. "We mvivu! Umejilaza hapa kwenye kivuli cha bure, biashara umemwachia nani? Wapita njia wanaungua na jua, hakuna wa kuwatoza. Amka! Sitoki hapa mpaka nipewe mtori, na nyama juu yake!"

Yakajibu maji ya mfereji tu. Nakundwa alifumba macho, anaogopa kwamba amekosea, kwamba amemtukana marehemu mbele ya mzazi wake na hakuna kitakachofuata.

"Na wewe Mpare," Mama Ndeshi akasema, polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani, "umepanda mlima mzima... kuja kukishtaki hicho kivuli!"

Kicheko kikamtoka vibaya, kama kikohozi, kikamwinamisha mpaka paji la uso likagusa udongo, na ndani yake kilio kikafunguka, kile cha sauti kubwa kinachovuka mfereji. Uzioni mtu aliita kuuliza kuna nini. Mwingine akaitikia kutoka bondeni. Watu walianza kuja.

Nyuma yao, ndani ya nyumba, darasa lilikuwa bado liko wazi. Sauti ya Nakundwa ikatoka dirishani, laini, yenye adabu, ikisema: "Samahani kama nimewakwaza."